Ndiyo ya Tatu

Kuku wawili walichinjwa mchana ule nyumbani kwa Mzee Maganga, Kiloleli, na wote wawili walichinjwa kwa ajili ya jambo lisilo la kweli. Aliyelijua hilo alikuwa mtu mmoja tu, Honorata, naye kwa wakati huo alikuwa amepiga magoti sebuleni mbele ya baba wa mwanamume aliyempenda, macho yake yakiwa chini.

"Mwadeela, baba," alisalimu, kwa Kisukuma alichofundishwa na Mboje njia nzima kutoka Bariadi.

"Mwadeela, mayu. Mhola?"

"Mhola, baba."

Mzee Maganga alicheka kidogo, akamgeukia mwanawe. "Umemfundisha vizuri. Anatamka kama mtu anayesoma taarifa ya habari, lakini anatamka."

Watu wakacheka. Mboje alicheka kuliko wote. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, na kila alipomtazama Honorata uso wake ulikuwa unasema: umeona, nilikuambia watakupenda. Honorata alijitahidi kulirudisha tabasamu lile.

Honorata alikuwa mfamasia, mzaliwa wa Muleba, aliyeletwa Bariadi na kazi. Mji ulikuwa mgeni kwake na hakutarajia kuupenda. Kilichomfanya aupende ni simu yake iliyopasuka kioo. Alielekezwa kwa kijana mmoja karibu na stendi, mwenye chumba cha gemu ambaye pia alitengeneza simu. Alipoingia, wanafunzi walikuwa wameshaondoka, na kwenye runinga kubwa shujaa wa gemu alikuwa amesimama katikati ya barafu bila kuchezeshwa na mtu. Muziki ulikuwa unapiga, mpole, wenye huzuni.

"Mbona humsogezi?" Honorata aliuliza.

"Akisogea muziki unabadilika," Mboje alijibu bila kuinua kichwa kwenye simu aliyokuwa anaifungua. "Huu hapa ndio mzuri. Namsimamisha papa hapa niusikilize."

Honorata alikaa kwenye benchi la watoto mpaka simu ikawa tayari, na ilipokuwa tayari hakuondoka. Mapenzi yao yalianzia hapo.

Kitu kimoja hakumwambia. Kulikuwa na ukurasa mtandaoni, ukiitwa Uga wa Gemu, ambako wapenzi wa muziki wa gemu kutoka Afrika Mashariki nzima walituma rimiksi zao. Mtu anachukua wimbo wa gemu anayoipenda, anaubomoa, anaujenga upya kwa namna yake. Hakuna zawadi. Lakini rimiksi haipandishwi mpaka isikilizwe na majaji watano, na angalau watatu waseme ndiyo, na kwa vijana wanaokesha na kompyuta zao, ndiyo hizo tatu zilikuwa heshima kubwa. Majaji walitumia majina ya kujificha, na nyimbo ziliwafikia bila jina la mtunzi. Walikuwa wameapa mambo mawili: kutojitaja, na kukaa pembeni jaji akitambua kazi ni ya mtu wake.

Jaji aliyeitwa Kinanda alikuwa Honorata.

Rimiksi ya barafu ilimfikia akiwa kazini, wakati wa mapumziko. Alivaa hedifoni, akasikiliza. Ngoma nzito, njuga, gitaa, tena ngoma. Mwishoni kabisa, ngoma ziliponyamaza, alisikia mluzi mfupi kupitia pengo la meno. Mluzi ule wa Mboje aliujua kama anavyoujua mlango wa nyumba yao. Alitazama kura za wenzake: ndiyo mbili, hapana mbili. Alichotakiwa kuandika kilikuwa sentensi moja tu, kwamba namjua mtunzi, achaguliwe jaji mwingine. Aliandika ndiyo. Akaongeza na sifa juu yake, ndefu, tamu.

Jaji aliyejiita Laurean, wa Mwanza, mtu mzima anayeheshimiwa na wote, ambaye alikuwa ameikataa rimiksi ile kwa maelezo marefu, aliandika kwenye kundi la majaji: "Labda masikio yangu yameanza kuzeeka. Nimeridhia." Honorata aliyasoma maneno hayo, akaifunika simu kifudifudi juu ya meza. Tangu siku hiyo aibu ilihamia kwake. Ililala naye na kuamka naye. Na Mboje, kwa furaha yake, aliilisha kila siku bila kujua.

Chakula kililetwa. Wali wa shambani kwao, kuku, sato wa kukaanga kutoka Lamadi. Mama Milembe, mama yake Mboje, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alimwekea Honorata paja zima la kuku, kisha akaongeza. Upande wa pili wa meza alikaa Shangazi Mektilda, dada mkubwa wa Mzee, ambaye hakuwa ameficha kwamba angependa mpwa wake aoe karibu na nyumbani.

"Watu wa Muleba mnakula wali kweli?" Shangazi aliuliza. "Nasikia kwenu bila ndizi mtu hajala."

"Tunakula vyote, shangazi."

"Haya. Kula tuone."

Kabla Honorata hajafikisha tonge mdomoni, Mzee Maganga alisafisha koo. Hakusimama. Alivisogeza tu vyombo mbele yake, kama mtu anayetaka nafasi ya kuweka kitu kizito.

"Mektilda," alimwita dada yake, "ulikuwepo kwenye msiba wa kaka yetu. Uliyasikia niliyosema."

"Nilikuwepo."

"Waliniuliza mwanangu wa kwanza anafanya kazi gani. Nikasema, wenzangu watoto wao wanachunga ng'ombe, wa kwangu anachunga katuni. Watu wakacheka sana. Huyu alikuwa amebeba maji ya kunawa, akasikia. Hakusema kitu. Alimaliza kunawisha watu, akaondoka."

Mboje alikuwa ameacha kula.

"Sasa wamepatikana watu watatu," Mzee aliendelea. "Hawamjui. Hawajawahi kula kwake. Wamekaa wakamsikiliza, wakasema kijana huyu anaweza. Mimi niliyemzaa sijawahi kukaa nikamsikiliza. Nilisema vibaya mbele ya watu, basi na hili naliweka mbele ya watu. Mboje, mwanangu, nisamehe."

Mama Milembe alifuta jicho kwa ncha ya khanga. Mboje akainuka na kuushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili.

"Yamekwisha, baba," alisema. "Yamekwisha."

"Na huyo jaji wa mwisho, uliyenisomea maneno yake. Anaitwa nani vile?"

"Kinanda."

"Huyo Mungu ambariki. Amenirudishia mtoto."

Wali ulimpalia Honorata. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Mama Milembe akampa maji na kumpigapiga mgongoni kwa upole, kama mtoto wake wa kumzaa. Upole ule ndio uliommaliza. Aliomba radhi, akatoka nje.

Mboje alimfuata nyuma ya ghala la pamba. Jua lilikuwa kali na mashamba yalikuwa yamevunwa, mabua meusi yamesimama mistari kwa mistari mpaka mbali.

"Hono, nini? Shangazi amekuudhi?"

"Hapana."

"Baba basi. Amekuliza. Hata mimi ameniliza." Alitaka kumshika bega. Honorata alirudi nyuma hatua moja.

"Mboje, Kinanda ni mimi."

Alitabasamu bila kuelewa. "Kinanda gani?"

"Jaji. Ile kura ya mwisho ni yangu."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni likisubiri aelezwe kwamba ni utani.

"Wewe ni jaji wa Uga," alisema taratibu. "Siku zote hizi."

"Hatukuruhusiwa kujitaja."

"Sawa. Hilo naelewa." Alifikiri. "Lakini nyimbo zinakuja bila majina. Hukujua ni wangu."

Hapo angeweza kudanganya, na Mboje alikuwa amemfungulia mlango kwa mikono yake mwenyewe. Honorata alitazama chini.

"Nilijua. Kule mwishoni umepiga mluzi. Unapiga hivyo kila ukisubiri kompyuta iwake."

"Ulijua kabla ya kupiga kura?"

"Kabla."

"Na sheria yenu inasemaje?"

"Nikae pembeni."

"Mbona hukukaa?"

"Kwa sababu ungekataliwa."

Aliona neno lile likimwingia. Lilimwingia polepole, na uso wa Mboje ukafanya kitu ambacho hajawahi kukiona, ulizeeka.

"Kwa hiyo ni mbaya," alisema.

"Sijui. Nakuapia, sijui. Nilipojua ni wewe sikuusikia tena wimbo. Nilikuwa nakusikia wewe."

"Hayo ni maneno ya kuandika kwenye kadi, Honorata."

Hakumwita Hono.

"Unajua nilitaka nini?" Mboje aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na afadhali angepaza. "Mama yangu ananisifia hata nikichemsha maji. Wateja wangu ni wanafunzi. Wewe ukinitazama naona kabisa huoni kasoro. Nilitaka kitu kimoja kutoka kwa mtu asiyenipenda. Kimoja. Nikakipata, nikakipeleka mpaka kwa baba yangu. Kumbe nimempelekea huruma yako."

"Haikuwa huruma."

"Ilikuwa nini?"

Alitaka kusema mapenzi, lakini neno hilo, akilitazama mwenyewe pale kwenye jua, lilionekana dogo na chafu.

"Nataka kumwambia baba," alisema.

"Hutamwambia."

"Ameniombea baraka, Mboje. Siwezi kukaa pale nikala."

"Utakaa. Baba yangu ameomba radhi mbele ya dada yake. Tangu nizaliwe sijamwona akiomba radhi kwa mtu. Ukisema leo utakuwa umemvua nguo mezani kwake. Kwa hiyo utarudi ndani, utakula, watu wakicheka utacheka. Yetu mimi na wewe tutayazungumza Bariadi."

"Yetu yapo bado?"

Mboje aliigeuza shingo upande, akatazama mashamba. Kisha akarudi ndani peke yake.

Honorata aliporudi mezani, Shangazi Mektilda alikuwa ameshika hoja mpya.

"Tumeusifia wimbo tangu asubuhi, na mimi sijausikia hata chembe. Mboje, weka tusikie."

"Siku nyingine, shangazi. Simu haina chaji."

"Simu yako hiyo hapo kwenye umeme. Imejaa."

Watu wakacheka tena. Mboje alichomoa simu, akaiunganisha na spika ndogo iliyokuwa juu ya kabati. Ngoma zikaanza.

Honorata alifumba macho. Kwa mara ya kwanza aliusikiliza wimbo ule bila kumtafuta Mboje ndani yake. Barafu ya gemu ilikuwa imeyeyushwa, imekuwa uwanja wa mavuno, na wazo hilo lilikuwa zuri, zuri kweli. Lakini ngoma zilikuwa zimejaa kila mahali. Hazikuacha pa kupumulia.

"Mama yako yuko wapi sasa?" Mzee Maganga aliuliza. "Ulisema ulimrekodi akiimba."

"Yumo, baba. Ndio anaanza hapo."

Mama Milembe alisogea karibu na spika. Aliinamisha kichwa, akatega sikio moja, kisha la pili. Alikuwa amekunja uso kidogo kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Honorata alijua pa kusikiliza, na hata yeye aliipata kwa shida: sauti ya mwanamke akiimba huku anapepeta mpunga, chini kabisa, kama maji yanayopita chini ya mchanga.

Mama Milembe aliinua uso, akatabasamu.

"Ndiyo," alisema. "Nimejisikia. Vizuri kabisa."

Alimtazama mwanawe aone kama amefurahi. Na Honorata akaona, wazi kama anavyoona kiganja chake, kwamba mama yule hakuwa amesikia kitu.

Alichokifanya hakukipanga. Alijikuta ametoka kwenye kiti na kupiga magoti palepale alipokuwa amepiga wakati wa kusalimia.

"Baba," alisema. "Mama. Shangazi. Naomba mnisikilize."

"Honorata," Mboje alisema.

"Jaji mliyembariki ni mimi. Niliutambua wimbo wa Mboje na nilitakiwa nikae pembeni. Sikukaa. Nilisema ndiyo kwa kuwa nampenda. Majaji wawili walikuwa wamekataa, na walikuwa na sababu. Mboje hakujua. Amejua leo, hapo nje. Kosa ni langu peke yangu."

Wimbo uliendelea kupiga mpaka Mboje alipouzima.

"Kumbe," alisema Shangazi Mektilda.

Mzee Maganga aliutazama mkono wake juu ya meza kwa muda mrefu. Honorata aliona mshipa ukicheza kwenye paji la uso wake, na alitamani afukuzwe, maana kufukuzwa kungekuwa nafuu.

"Umejua hapo nje," Mzee alimwambia mwanawe.

"Ndiyo, baba."

"Ukarudi, ukakaa, ukanyamaza."

"Nilikuwa nakulinda wewe."

"Na huyu alikuwa anakulinda wewe." Mzee aligeuka. "Milembe. Umejisikia kweli kwenye wimbo?"

Mama Milembe alianza kukunja pindo la khanga yake, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sijajisikia," alisema. "Lakini nilijua nimo."

Hakuna aliyecheka.

"Hao waliokataa walisema nini?" Mzee aliuliza.

Ukweli ni kwamba Mboje hakuwa amesoma. Siku wimbo wake ulipopita alisoma ndiyo tatu, akarudia ya mwisho mpaka akaikariri, na zile hapana aliziruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

"Soma," baba yake alisema. "Kwa sauti."

Alifungua simu, akatafuta. Alianza kwa sauti ya kawaida.

"'Ndugu mtunzi. Una kitu, na ndiyo maana nakukatalia. Chini ya ngoma zako yupo mama anayeimba akipepeta. Nimemsikiliza mara nyingi nikimngoja atoke, hatoki. Mwanzoni nilidhani ni kosa la vyombo. Siyo. Kila anapoinua sauti, ngoma inaongezwa juu yake. Mtu amemfunika kwa makusudi.'" Sauti ya Mboje ilishuka. "'Sijui kwa nini unamwonea haya. Mtoe mbele, halafu nirudishie. Nasubiri. Laurean.'"

Aliiweka simu chini taratibu.

"Kweli ngoma uliongeza wewe?" Mzee aliuliza.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Mboje alikuwa mwanamume mrefu, lakini pale mezani alikuwa amekunjamana. Alizungumza akiitazama sahani yake.

"Niliogopa watacheka. Watu wa Dar, wa Nairobi, ndio wanaosikiliza kule. Mama anaimba kishamba... anaimba kwa namna ya hapa. Mwanzoni nilimweka juu, peke yake, bila ngoma. Nilipotaka kutuma, nikaona aibu. Nikamshusha kidogo. Nikashusha tena."

Honorata alimwangalia Mama Milembe kwa hofu. Mama hakulia. Aliendelea kukunja khanga yake, kisha akasema kwa upole ule ule wa kuongeza nyama kwenye sahani ya mgeni:

"Ungeniambia, ningeimba kitu kingine."

Mboje alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

Mzee Maganga aliposema, hakuwa na hasira. Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka kubeba.

"Pale msibani, unajua kwa nini nilisema unachunga katuni? Waliponiuliza kazi yako, sikujua kuieleza. Nikakuonea haya, nikawachekesha watu juu yako kabla hawajakucheka wenyewe. Sasa na wewe umemfunika mama yako kabla hawajamcheka. Umefanana na mimi kwa jambo baya." Alivuta pumzi. "Radhi niliyokuomba sikuiomba kwa sababu ya kura. Niliiomba kwa sababu nilikukosea. Nimeshaitoa, siichukui tena. Wewe toa yako."

Mboje aliinuka. Aliizunguka meza, akapiga magoti mbele ya mama yake, akaweka kichwa mapajani pake kama mtoto. Maneno aliyosema pale Honorata hakuyasikia, wala hakutaka kuyasikia. Aligeuza uso ukutani. Alisikia tu Mama Milembe akisema, "Basi, basi, baba," kwa sauti ya kilio, na mkono ukisugua shati jeupe.

Baadaye Mzee Maganga alimgeukia.

"Na wewe, binti."

"Naam, baba."

"Wewe leo sikwambii kitu. Nikikwambia sasa hivi nitakukosea, na nimechoka kuomba radhi. Inuka, magoti yatakuuma."

Alasiri Mboje alimsindikiza barabarani. Walikuwa wamepanga kurudi Bariadi pamoja. Lakini alibeba mfuko wa Honorata tu na hakuwa na mfuko wa kwake. Mama Milembe alikuwa ameujaza michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, na wakati wa kuaga alimshika Honorata mkono, akaushikilia zaidi ya inavyohitajika kwa kuaga. Shangazi Mektilda aliaga akiwa amekaa.

Walisimama kando ya lami, mfuko katikati yao. Malori yalipita yakielekea Lamadi, yakiacha harufu ya samaki.

"Hurudi leo?" Honorata aliuliza.

"Nitalala hapa. Nina maneno na mama."

"Nimejitoa kwenye ujaji. Nimewaandikia wote, hadharani pale ukurasani, kabla hatujatoka nyumbani kwenu. Nimeeleza nilichofanya."

"Nimeona. Na mimi nimeuondoa wimbo." Alipiga kokoto kwa ncha ya kiatu. "Laurean amekujibu?"

"Amesema pole. Amesema, mwambie mtunzi bado nasubiri."

Mboje alitikisa kichwa polepole. Hakuwa amemtazama tangu watoke ghalani. Macho yake yalikuwa barabarani, upande wa Mwanza, kule gari litakakotokea.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sijakuomba bado."

"Mbona hujaomba?"

"Naona aibu."

Ng'ombe walivuka barabara mbele yao, na mchungaji akawapungia mkono. Mboje akampungia bila furaha.

"Na mimi naona aibu," alisema hatimaye. "Usidhani ni hasira tu inayonifanya nisikutazame. Ulisimama mbele ya watu wa kwetu ukasema kosa lako. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya langu, nakutuma wewe unyamaze."

"Ungeyasema."

"Nisingeyasema, Hono. Tusidanganyane tena."

Jina lile lilimpita Honorata mwilini kama maji ya moto. Hakuthubutu kuonyesha kwamba amelisikia.

Basi dogo lilitokea kwa mbali, likawasha taa. Mboje aliinua mkono kulisimamisha. Lilipofika, akaupakia mfuko mwenyewe, akauweka vizuri pembeni ya kiti, michembe isimwagike. Kisha akashika fremu ya mlango, akisema na chuma badala ya kusema naye.

"Nitamrekodi upya. Akikubali. Anaweza akakataa, na atakuwa na haki."

"Atakubali."

"Hujui."

"Kweli. Sijui."

"Akikubali, nitahitaji mtu wa kuniambia hapana," alisema. "Kabla ya wale majaji. Mtu wa kuniambia, hapa umekosea, hapa umeficha. Hata kama nitakasirika. Hata kama nitaondoka nikupigie mlango usoni."

Kondakta alimgongea bati. "Bosi, tunaondoka."

"Utaweza?" Mboje aliuliza.

Honorata alitaka kusema ndiyo, na neno likafika ulimini, tayari, tamu, jepesi kama lile la kwanza. Akalimeza.

"Nitajaribu," alisema. "Sina uhakika kama nitaweza."

Gari likaondoka. Alikaa akitazama mbele kwa muda, mikono imefumbatwa mapajani, uso unawaka. Alipogeuka kutazama nyuma, Mboje alikuwa bado amesimama pale kando ya lami na shati lake jeupe, lenye alama ya machozi ya mama yake begani, na kwa mara ya kwanza tangu mchana alikuwa anamtazama.